Maneno Yetu ni Pamba: Nani Ashike Mizani?

(Mazungumzo ya wiki yaliyotangazwa redioni)

Siku hizi mtu mwenye simu ya mkononi hapa Mwanza, awe Kirumba, Igoma au Nyegezi, anaweza kuiuliza mashine swali kwa Kiswahili, na mashine ikamjibu kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaiuliza habari za mtihani, mfanyabiashara anaiagiza imwandikie barua, na mama anaiuliza kuhusu homa ya mtoto. Wataalamu wanaziita mashine hizo modeli kubwa za lugha. Wengi wetu tunaziona kuwa ni mambo ya matajiri wa Marekani na China, na kwamba kazi yetu ni kupokea tu, kama tunavyopokea mitumba. Miaka michache iliyopita fikra hiyo ilikuwa na ukweli mkubwa. Leo ukweli wake umepungua sana, na kwa sababu hiyo lipo jambo ambalo hatuna budi kuliamua wenyewe.

Kwanza tuelewane mashine hii ni kitu gani. Nikikuambia, "Haba na haba hujaza," wewe utamalizia, "kibaba." Hukuhitaji kufikiri, maana umekwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi. Modeli ya lugha nayo imefunzwa mchezo huohuo. Inapewa maandishi, inafichiwa neno linalofuata, nayo inabahatisha. Ikikosea, namba zilizomo ndani yake zinasogezwa kidogo ili safari nyingine ikaribie zaidi. Namba hizo huitwa parameta. Mchezo huo ukirudiwa mara nyingi kupita kiasi, juu ya maandishi mengi kupita kiasi, mashine hufikia mahali pa kutunga barua, kufupisha hotuba na kujibu maswali.

Kazi hiyo ya mwanzo ndiyo inayokula fedha. Chukua mfano wa Llama 2, ambayo kampuni ya Meta ya Marekani iliitoa Julai 2023. Iliyo ndogo kuliko zote katika ukoo huo ina parameta bilioni 7, nayo ilisomeshwa vipande vya maneno trilioni 2. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kazi hiyo ilichukua saa 184,320 za kadi za kompyuta za aina ya A100. Mtu mwenye kadi moja tu ya namna hiyo, hata kama umeme usingekatika kwa dakika moja, angehitaji miaka 21 kuimaliza.

Na baada ya gharama zote hizo, Kiswahili kilipata nini? Karibu asilimia 90 ya maandishi yale yalikuwa ya Kiingereza. Kampuni ilichapisha orodha ya lugha zilizofikia angalau asilimia 0.005. Kislovenia, lugha ya nchi yenye watu wapatao milioni 2, kilikuwamo. Kiswahili, ambacho UNESCO inasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakikuwamo.

Ndugu msikilizaji, kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusema ila kulalamika. Lakini hayakuishia hapo.

Mtu akinunua koti la mtumba likampwaya, haendi kulima pamba, akaisokota, akaifuma na kushona koti jipya. Analipeleka kwa fundi cherehani, naye anapunguza mikono na kupandisha pindo. Modeli za lugha nazo ni hivyo. Baadhi ya kampuni hutoa modeli zilizokwisha kufunzwa, watu wakazichukua bure kwa masharti fulani, na mtu mwingine anaweza kuirekebisha modeli hiyo kwa lugha yake na kwa kazi yake.

Hata hivyo, kwa njia ya zamani marekebisho yenyewe yalikuwa ghali, kwa kuwa fundi alilazimika kufumua mishono yote. Kuzisogeza parameta zote bilioni 7 kunahitaji kumbukumbu ya kompyuta inayozidi gigabaiti 100, maana kila namba hukaa pamoja na hesabu za namna ya kuisogeza.

Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Microsoft, akiwamo Edward Hu, walieleza njia inayoitwa LoRA. Wazo lao ni jepesi kulisema: namba za asili ziache kama zilivyo, shonea kiraka kidogo pembeni, kisha kifundishe kiraka peke yake. Tazama hesabu yake. Ndani ya ile modeli ya bilioni 7 kuna majedwali ya namba yenye ukubwa wa 4,096 kwa 4,096. Jedwali moja ni namba 16,777,216. Badala ya kuligusa, LoRA inaweka kando yake majedwali mawili membamba, moja la 4,096 kwa 8 na jingine la 8 kwa 4,096. Yakizidishwa yanatoa jedwali lenye ukubwa uleule wa lile la kwanza, lakini namba za kufundishwa ni 65,536 tu. Hiyo ni namba moja mahali pa 256.

Ukiviweka viraka hivyo mahali pawili katika kila moja ya tabaka 32 za modeli hiyo, unapata parameta za kufundishwa milioni 4.2 hivi. Faili lake ni megabaiti kama 8, kiasi cha nyimbo mbili kwenye simu yako. Modeli moja inaweza kuvalishwa kiraka cha zahanati asubuhi, na kiraka cha bwana shamba jioni.

Mwaka 2023 Tim Dettmers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington wakaongeza ufundi mwingine. Waliziminya namba za asili kutoka biti 16 hadi biti 4 wakati kiraka kinafundishwa. Kwa hesabu hiyo modeli ya bilioni 7, iliyokuwa ikijaza gigabaiti 14, inashuka hadi gigabaiti 3.5 hivi. Wao walifanikiwa kuirekebisha modeli ya bilioni 65 kwa kadi moja tu ya gigabaiti 48. Kwa ile ya bilioni 7, kompyuta yenye kadi nzuri ambayo vijana huitumia kuchezea michezo inatosha. Kazi iliyokuwa ya kiwanda sasa inaweza kufanywa katika chumba kimoja cha chuo.

Jirani zetu wamekwisha kulijaribu jambo hili. Shirika la Jacaranda Health la Kenya lina huduma iitwayo PROMPTS, ambayo kwayo akina mama wajawazito na waliojifungua hutuma maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2023 shirika hilo liliichukua ile Llama 2 ndogo, likaiongezea msamiati wa vipande 20,000 vya Kiswahili, likaisomesha maandishi ya Kiswahili yenye vipande milioni 321 hivi, kisha likaifundisha kujibu maswali. Waliiita UlizaLlama, na wakaitoa hadharani ili wengine nao waitumie.

Huenda ukauliza, kwa nini waliongeza msamiati? Ni kwa sababu mashine huyakata maneno vipande kabla ya kuyasoma. Kisu kilichonolewa kwa Kiingereza kikikutana na neno kama "hawajatuletea" hulichanachana ovyo, na vipande vikiwa vingi, muda huwa mwingi na gharama huwa kubwa kwa jibu lilelile. Kisu kilichonolewa kwa Kiswahili hulikata neno mahali pake.

Ukilinganisha vipande milioni 321 na vile trilioni 2 vya mwanzo, ni kama kipande kimoja kwa kila 6,000. Kwa mantiki hiyo, kisingizio cha fedha kimepungua nguvu. Kilichobaki ni maneno. Ni maneno ya nani, yanayohusu nini, na yamehakikiwa na nani?

Ndugu msikilizaji, swali hilo si la wanasarufi peke yao. Chukua ugonjwa wa kichocho. Watu wengi wanaujua kwa dalili moja, nayo ni kukojoa damu. Mtu wa Kwimba atakubali, maana huko mbali na ziwa kuna kichocho cha kibofu, kinachopatikana katika madimbwi na malambo. Lakini kandokando ya Ziwa Victoria, na katika visiwa kama Ukerewe na Ukara, kichocho kilichoenea ni cha tumbo. Damu huonekana katika choo kikubwa, ini na bandama huvimba, na ugonjwa ukikomaa mtu anaweza kutapika damu. Jina ni moja, ziwa na bara vina habari mbili tofauti.

Sasa mama wa Ukerewe aiulize mashine: "Mwanangu tumbo limejaa, lakini mkojo wake ni safi. Je, anaweza kuwa na kichocho?" Mashine iliyofundishwa kwa maandishi ya mahali pengine inaweza kumjibu, kwa Kiswahili kisicho na doa, kwamba asiwe na wasiwasi. Sarufi itakuwa sahihi na mtoto atabaki nyumbani na ugonjwa wake. Ufasaha wa mashine hapo unazidisha hatari, kwa kuwa binadamu tumezoea kumwamini anayesema vizuri.

Vivyo hivyo kwa mvuvi wa mwaloni anayeuliza kuhusu kokoro, timba au mabondo, na kwa mkulima anayeuliza kuhusu pamba yake. Maneno hayo yamo vinywani mwa watu. Katika maandishi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza yamo kwa nadra, na mashine hujua kile tu kilichoandikwa.

Wala kiraka peke yake hakitoshi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba LoRA hujifunza kidogo kuliko marekebisho kamili, ingawa pia husahau kidogo yale ya zamani. Kiraka kinafaa kuifundisha mashine namna ya kujibu: ijibu kwa ufupi, iulize mtoto ana umri gani, imwambie mama aende zahanati leo. Maarifa yenyewe yatoke katika maandishi yaliyohakikiwa, ambayo mashine itawekewa iyasome kabla ya kujibu. Na kwa mambo ya tiba, lazima awepo binadamu anayepitia majibu.

Yupo atakayesema: kwa nini tujisumbue, wakati modeli za kampuni kubwa zinakijua Kiswahili vizuri zaidi kila mwaka unaopita? Ni kweli, zinaendelea. Lakini hakuna kampuni ya California itakayokuja kupima tofauti ya kichocho cha Ukerewe na cha Kwimba bila kuambiwa. Tena, modeli ndogo yenye kiraka chako unaweza kuiweka katika kompyuta ya hospitali yako, ikafanya kazi hata intaneti ikikatika, na habari za wagonjwa zisitoke nje ya ukuta. Na siku kampuni ikipandisha bei au ikibadili masharti, wewe chako unacho.

Hapa naomba turudi nyuma kidogo, kwenye historia ya kanda yetu. Pamba ya Usukuma ilikuwa ikinunuliwa kwa wakulima na wachuuzi walioshika mizani yao wenyewe. Mkulima alileta mzigo, mwingine akasoma uzito, na mkulima akapokea alichoambiwa. Manung'uniko juu ya mizani hayo ndiyo yaliyowakusanya watu. Miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani, wakulima wa Kanda ya Ziwa walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho la Victoria, ambalo baadaye lilizaa Nyanza. Ushirika huo ulisimamia upimaji, ukanunua pamba, na ukafika hadi kumiliki vinu vya kuichambua.

Maneno yetu leo ni pamba. Yanachumwa katika magazeti, katika vitabu, katika mazungumzo ya mitandaoni, yanasafirishwa mbali, yanachambuliwa na kufumwa, kisha yanarudi kwetu yakiwa kitambaa cha kununua. Hata kazi ya kuchambua tumekwisha kuifanya kwa ujira mdogo. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliandika kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama, waliokuwa wakisoma na kutenga maandishi machafu kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, walipokea chini ya dola 2 kwa saa. Mashine iliyosafishwa kwa macho yao imekuwa mali ya wengine.

Je, inawezekana kufanya vinginevyo? Inawezekana, na waliotuonyesha ni watu wa redio kama sisi. Huko New Zealand kuna stesheni ya Wamaori iitwayo Te Hiku Media. Mwaka 2018 iliwaomba wasikilizaji wake wasome sentensi za lugha yao na kuzirekodi. Ndani ya siku 10 watu wapatao 2,500 walitoa sauti za zaidi ya saa 300. Kwa sauti hizo stesheni ilijenga mashine ya kuandika maneno yanayosemwa kwa Kimaori. Walipofuatwa na wageni wakitaka kuzitumia sauti hizo, wao walikuwa wamekwisha kuweka masharti: sauti ni amana ya jamii, na anayezitumia sharti ainufaishe jamii hiyo.

Mwanza tuna nini? Tuna Bugando na kituo cha NIMR, wanaoujua ugonjwa wa ziwa. Tuna TAFIRI na chuo cha uvuvi Nyegezi, wanaomjua sangara na dagaa. Tuna Ukiriguru, wanaoijua pamba. Tuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, kinachofundisha uandishi wa habari. Na tuna stesheni za redio, ambazo kila siku hupokea maswali ya watu kwa lugha yao wenyewe.

Mwaka 2023 watafiti wa Meta walionyesha kwamba mifano 1,000 tu ya maswali na majibu, iliyochaguliwa kwa makini, iliitosha modeli ya bilioni 65 kujifunza kujibu vizuri. Modeli ile ilikuwa kubwa, na Kiingereza chake kilikuwa kimekwisha kujaa. Sisi tutahitaji zaidi ya hapo. Lakini funzo linabaki kwamba ubora unaushinda wingi. Wauguzi 10 wakiandika kila mmoja maswali 2 kwa siku, jinsi wanavyoulizwa kweli na akina mama, pamoja na majibu wanayoyasimamia, watafikisha 1,000 ndani ya siku 50. Mabwana samaki wafanye hivyo hivyo, na mabwana shamba pia.

Kazi hiyo iwe na masharti matatu. La kwanza, swali la mgonjwa lisiingizwe katika mashine likiwa na jina lake wala bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ipo kwa ajili hiyo. La pili, anayeandika alipwe na atambuliwe, asije akawa mchuma pamba asiyejua bei. La tatu, maandishi yakusanywe chini ya chombo chenye wanachama, chenye hesabu zinazosomwa hadharani. Nasema hivyo kwa sababu ushirika wetu nao ulipata maradhi yake. Baadhi ya viongozi waliisahau mizani waliyokabidhiwa, na mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Kushika mizani ni mwanzo tu. Wanachama lazima waendelee kumkagua anayeishika.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta wasingoje mradi mkubwa kutoka nje. Kiraka cha megabaiti 8 kinaweza kufundishwa kwa vifaa ambavyo chuo kimoja kinaweza kuvinunua. Kinachongojwa ni maandishi ya kukifundishia, na maandishi hayo yanatoka kwa muuguzi, mvuvi, mkulima na mtangazaji. Wao ndio walio nayo, na hakuna kompyuta inayoweza kuyatoa mahali pengine.

Wazee wa kanda hii walipoona mizani inawadanganya hawakuacha kulima pamba. Waliusogelea mzani na kusoma namba wenyewe. Msimu wa maneno umefika, na magunia yetu yamejaa.